Kishikizo cha Pazia la Dirisha: Hoja juu ya Ufundishaji wa Kazi za Mikono

Katika vyuo vyetu vya ualimu kazi za mikono zimezoeleka kufundishwa kwa njia moja. Mkufunzi huleta kifaa kilichokwisha kutengenezwa, au mchoro wenye vipimo vyote, na wanachuo hutakiwa kutengeneza kingine kama hicho. Kinachosahihishwa ni unadhifu: pembe zimekaa mraba, msasa umepita vyema, rangi haikuchuruzika. Mwanachuo akipata alama nzuri hukipeleka kifaa chake katika chumba cha maonyesho, na huko ndiko kinakoishia. Akienda shule ya msingi hufundisha kama alivyofundishwa. Sisi tunaona kwamba njia hii, ijapokuwa ina faida yake katika kuuzoeza mkono, inamnyima mtoto sehemu iliyo kubwa zaidi ya kazi, nayo ni kuamua kifaa kiweje. Tunakusudia kuieleza hoja hiyo kwa kifaa kimoja kidogo ambacho kila mwalimu mwanafunzi anaweza kukijaribu katika shule ya mazoezi: kishikizo cha pazia la dirisha kinachoweza kurekebishwa.

Yafaa tueleze maneno kwanza. Kwa pazia hatukusudii kitambaa cha maua kiningìnizwacho sebuleni. Tunakusudia kizuizi cha jua, yaani mkeka, mianzi iliyopasuliwa na kufumwa, au kitambaa kizito cheupe, kilichofungwa kwenye ufito na kuweza kuviringishwa, kupandishwa na kushushwa. Kishikizo ni kile kipande cha mbao au chuma kinachofungwa kwenye ukuta au kwenye mwimo wa dirisha ili kuubeba ufito huo. Katika madarasa mengi yaliyojaribu kuweka pazia, kishikizo ni misumari miwili tu, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Taabu yenyewe si ya kubuni. Mtu anayeketi nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha, kama wafanyavyo wakufunzi, huona jambo ambalo mwalimu aliye mbele halioni. Ubao uliozeeka hung'aa. Jua likiupiga kutoka dirishani, watoto wa upande mmoja huona weupe mahali pa maandishi. Hukinga macho kwa madaftari, hunyoosha shingo, na hatimaye hunakili kwa jirani. Tumepata kuona 38 ya ubaoni ikiandikwa 88 na safu nzima ya watoto, na mwalimu mwanafunzi akaandika katika tathmini ya somo lake kwamba safu hiyo haijui kutoa. Watoto wale walitoa vizuri kabisa kutoka katika 88.

Jua la kwetu lina kawaida yake, na mwalimu hana budi kuijua kabla hajagusa msumeno. Katika miezi ya Machi na Septemba, mahali palipo karibu na ikweta, jua hupanda kiasi cha nyuzi 15 kwa kila saa. Saa mbili baada ya kuchomoza limefika nyuzi 30 hivi, na saa tatu baada ya kuchomoza limefika nyuzi 45 hivi. Kama dirisha linatazama mashariki, na ukingo wake wa juu uko meta 2.1 kutoka sakafuni, basi jua la nyuzi 30 litapenya hadi meta 3.6 ndani ya chumba. Likifika nyuzi 45 litakuwa limerudi nyuma hadi meta 2.1, na adhuhuri halipenyi tena upande huo. Majengo ambayo kuta zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini hupata nafuu kubwa, ila hayo nayo hayasameheki kabisa. Mjini Dar es Salaam, katika mwezi wa Juni, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60 hivi. Katika Desemba huwa upande wa kusini kwa nyuzi 73 hivi. Hesabu hii watoto wa darasa la tano au la sita wanaweza kuifikia bila kutajiwa nyuzi hata moja. Wapewe chaki, waizungushie mstari ile sehemu ya sakafu yenye jua kila baada ya nusu saa, kisha wapime umbali kutoka ukutani. Watakuwa wameona kwamba pazia lifaalo saa mbili na nusu asubuhi halifai saa nne.

Pazia la misumari miwili halina pa kwenda. Ama linafunika dirisha lote na kuleta giza pamoja na joto, ama linakunjwa na kufungwa fundo juu kwa kamba, na jua linarudi. Hutokea pia kwamba mtoto mrefu hulivuta, msumari ukatoka na kipande cha lipu. Baada ya wiki mbili pazia huwa limekwisha kuwa kitambaa cha kufutia ubao.

Hapa ndipo mwalimu wa kazi za mikono anapopata swali lenye uhai. Atawaambia watoto: tengenezeni kishikizo ambacho kitaweza kupandisha pazia na kulishusha, na kitakachofaa madirisha yote ya shule hii. Sehemu ya pili ya swali ndiyo ngumu, nayo ndiyo tunayoipenda zaidi.

Madirisha ya shule zetu hayalingani, na kuna sababu. Shule nyingi zilijengwa kwa vipindi. Viko vyumba vya zamani. Viko vilivyojengwa kwa nguvu za wanavijiji wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977 kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974. Viko vya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa miaka ya 2002 hadi 2006. Na viko vilivyofuata. Kila kipindi kilikuja na mafundi wake, na pengine na futi kamba zake. Hata katika chumba kimoja, dirisha la kwanza na la tatu huachana kwa sentimeta kadhaa.

Tuchukue mfano. Watoto wamegawanywa katika vikundi na kila kikundi kimepewa dirisha. Wamefundishwa kupima upana wa uwazi mahali patatu, juu, katikati na chini, na kuandika kipimo kidogo kuliko vyote, kwa kuwa ufito hauwezi kupita mahali palipo pembamba. Wamepima pia kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, mara mbili, ili kujua kama dirisha limekaa mraba. Mishazari miwili ikitofautiana, dirisha limepinda. Kisha vipimo vimeletwa ubaoni kwa sentimeta: 116, 117, 119, 120, 121, 121.

Sasa mwalimu aulize ufito ukatwe urefu gani. Watoto waliokwisha kufundishwa wastani watakimbilia wastani, na hatuwalaumu, maana ndivyo tulivyowafundisha: mkiwa na namba nyingi, jumlisheni, gawanyeni. Jumla ni 714, ukigawanya kwa 6 unapata 119. Mwalimu asiwakatalie. Awaache wakate ufito wa sentimeta 119 na waubebe dirisha kwa dirisha. Katika madirisha mawili ya kwanza hauingii. Katika la tatu unakwama. Wastani ambao daftarini ulipata alama ya vema umeshindwa kuyatumikia madirisha matatu kati ya sita. Hatujui njia iliyo bora zaidi ya kumfundisha mtoto kwamba wastani ni jibu la maswali fulani tu, wala si la maswali yote.

Kinachotakiwa hapa ni namba mbili, ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote. Ufito lazima uingie katika dirisha la 116, basi ukatwe 115, ukiachiwa nusu sentimeta kila upande. Ufito huohuo ukipelekwa kwenye dirisha la 121 utabakiza nafasi ya sentimeta 3 kila upande. Kishikizo basi kiweze kuufuata ufito kutoka nusu sentimeta hadi sentimeta 3, yaani kisogee sentimeta 2.5. Tunaomba mwalimu mwanafunzi asimame hapa kidogo na kuwaza. Kwa miaka mitatu au minne mtoto amekuwa akitoa namba ndogo katika kubwa, na jibu likawa halina kazi yoyote duniani isipokuwa kupigiwa vema. Hapa jibu la kutoa limekuwa urefu wa tundu. Akikosea kutoa, ufito utaanguka.

Tunasema tundu kwa sababu hiyo ndiyo njia rahisi ya kukifanya kitu kisogee kisha kitulie. Mtoto amekwisha kuiona. Fundi baiskeli akitaka kukaza mnyororo hulegeza nati za gurudumu la nyuma, hulivuta gurudumu nyuma, kisha hukaza tena. Ekseli huteleza ndani ya tundu refu lililo mwishoni mwa fremu. Mkanda wa suruali nao hurekebishwa kwa matundu, ila kwa namna nyingine: ule una hatua, tundu hili au lile, hapana katikati. Mwalimu awaulize watoto ni ipi inayofaa zaidi kwa pazia, na asiwape jibu haraka. Tundu refu humruhusu mtu kusimamisha kitu mahali popote apendapo, lakini hutegemea nati iliyokazwa. Matundu yenye hatua hayamruhusu kuchagua kila mahali, lakini kigingi kikiingia kimeingia. Mabishano ya watoto juu ya jambo hili yanaweza kumaliza kipindi kizima, na kipindi hicho hakitakuwa kimepotea.

Kuchonga tundu refu katika mbao ni kazi ya keekee na patasi, na shule nyingi hazina keekee. Njia ipo. Mwalimu achukue papi mbili nyembamba zenye urefu wa sentimeta 60, azisimamishe sambamba, na kuzitenganisha juu na chini kwa vipande vya mbao vyenye unene wa milimeta 9. Mwanya uliobaki katikati ndio tundu refu, nalo halikuchongwa na mtu. Bolti ya milimeta 8 hupita humo bila kukwama. Papi hizo hufungwa kwa parafujo juu ya mwimo wa dirisha, upande wa kushoto, na nyingine mbili kama hizo upande wa kulia. Tunapendelea mwimo kuliko ukuta kwa kuwa mbao hushika parafujo, ilhali lipu ya mchanga mwingi huimeza na kuitapika. Mahali ambapo dirisha halina mwimo wa mbao, bali nondo zilizojengewa katika saruji, ni afadhali kutumia ufito wa mianzi miwili, mmoja ukiingia ndani ya mwenziwe, na kuukaza kati ya kuta mbili kwa kabari. Pazia la namna hiyo lazima liwe jepesi.

Baada ya papi kuna kipande cha pili, ambacho tutakiita kibebeo. Ni kibao kilichotokeza mbele, chenye pengo la kulaza ncha ya ufito. Mgongoni mwake kina tundu fupi lililolala, na bolti iliyopita katika mwanya wa papi hupita pia humo. Mwanya wa papi umesimama, tundu la kibebeo limelala, na mahali yanapokatana ndipo bolti ilipo. Nati ikilegezwa, kibebeo hupanda na kushuka, tena huenda kulia na kushoto. Nati ikikazwa, vyote viwili vinatulia kwa mara moja. Tumeona watoto wakicheka kwa furaha walipogundua kwamba bolti moja inatosha. Tunapendekeza nati yenye masikio, ile ikazwayo kwa vidole, na washa pana kila upande ili mbao isiliwe.

Urefu wa tundu lile lililolala uwe kiasi gani? Wanachuo wengi husema 2.5, kwa sababu ndilo jibu lililopatikana. Lakini bolti yenyewe ina unene wa milimeta 8, nayo inakaa ndani ya tundu. Tundu la sentimeta 2.5 litamwachia mtoto mwendo wa sentimeta 1.7 tu. Urefu unaotakiwa ni 2.5 na 0.8, yaani sentimeta 3.3. Jambo hili halimo katika kitabu chochote cha hesabu cha shule ya msingi tulichopata kukisoma, wala hatuoni haja ya kulitia humo. Liachwe katika mbao, mtoto alikute mwenyewe.

Uzito nao una maneno yake. Chukua pazia la mkeka lenye kilo 4 pamoja na ufito wake. Kila kibebeo kinabeba kilo 2. Kama ufito umelala sentimeta 10 mbele ya papi, na bolti iko sentimeta 5 juu ya ukingo wa chini wa kibebeo, basi ukingo ule unasukuma papi na bolti inavutwa nje kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 4, yaani mara mbili ya mzigo wenyewe. Kibebeo kifupi, ambacho bolti yake iko sentimeta 2 tu juu ya ukingo, kingeivuta bolti kwa uzito wa kilo 10. Ndiyo sababu msumari uliobeba kitambaa chepesi ukutani ulitoka na lipu. Mwalimu asianze na hesabu hii. Aanze na ndoo ya maji iliyojaa nusu: mtoto aishike karibu na kifua, kisha anyooshe mkono. Baada ya hapo mtoto mwenyewe atarefusha kibebeo kwenda chini, na ataweza kusema kwa nini.

Tunataka kutia mkazo hapa juu ya jambo ambalo wanachuo hulipuuza. Msuguano wa nati usiachiwe kubeba uzito juu ya vichwa vya watoto. Nati hulegea, mbao hukauka katika kiangazi na kusinyaa, mtoto hupita na kuizungusha kwa mchezo. Kwa hiyo papi zitobolewe matundu madogo ya duara kila baada ya sentimeta 5, na kigingi kiingizwe chini ya kibebeo. Tundu refu lifanye kazi ya kutafuta mahali, na kigingi kifanye kazi ya kubeba. Kikundi ambacho kishikizo chake hakina kigingi kisiruhusiwe kulipandisha pazia, hata kama mbao imepigwa randa ikang'aa kama kioo.

Jambo hili la vishikizo limewashughulisha watu kwingine pia. Huko Marekani, mwaka 1864, Stewart Hartshorn alipata hataza ya ufito wa pazia wenye springi ndani yake. Mtu akilivuta pazia chini springi hujikaza. Akiliachia polepole, kijino kidogo hukamata na pazia likatulia. Akilishtua tena, kijino huachia na pazia likajiviringisha juu. Kinachotuvutia sisi ni vishikizo vyake. Ufito wa namna hiyo una pini mbili zisizofanana, moja ya duara na nyingine bapa. Kishikizo kimoja kina tundu la duara, ambamo pini huzunguka. Kingine kina upenyo mwembamba, ambamo pini bapa hushikwa isizunguke. Pini bapa ikitiwa katika tundu la duara itazunguka pamoja na ufito, na springi haitakazwa kamwe. Mwanafunzi akiuelewa mfano huu ataona kwamba kishikizo hakibebi tu. Kinaamua pia ni kipi kizunguke na ni kipi kisizunguke. Watoto wa pwani waliokwisha kuona jarari ikipita katika kapi kulipandisha tanga hawatahitaji maelezo mengi.

Kamba za mapazia zimewaua watoto wadogo katika nchi ambamo mapazia ya namna hii yamo karibu kila nyumba. Mtoto huingiza shingo katika kitanzi cha kamba inayoning'inia, huteleza, na hana nguvu ya kujitoa. Kanuni za Ulaya zilizorekebishwa mwaka 2014 zinataka kamba ya pazia, mahali penye watoto, isifike chini ya meta 1.5 kutoka sakafuni. Nchini Marekani, tangu Desemba 2018, viwango vya viwanda vya mapazia vinataka mapazia yauzwayo tayari madukani yasiwe na kamba za kuvutia zinazoning'inia. Nasi tusingoje tuletewe kanuni. Katika darasa la shule ya msingi kitanzi cha kamba kisiwepo kabisa. Kishikizo tulichokieleza hakihitaji kamba. Pazia huhamishwa kwa mkono, na anayelihamisha ni mwalimu au mtoto mkubwa anayesimamiwa. Kama kikundi kimeshikilia kutumia kamba na kapi, kamba hiyo iwe na ncha moja isiyofungwa kitanzi, na ifungwe kwenye ndoana ukutani mahali ambapo mkono wa mtoto wa darasa la kwanza haufiki.

Upo mtindo katika shule zetu wa kuwatenga watoto siku ya kazi za mikono: wasichana wasuke, wavulana wapige msumari. Tukiacha ubaya wake mwingine, mtindo huu huharibu kazi yenyewe. Katika shule moja wasichana walisuka mkeka mzuri wa ukindu, mnene, wenye mapambo, nao wavulana walitengeneza vishikizo vya kubeba kitambaa. Siku ya kuviunganisha, ufito ulipinda kama upinde. Hakuna aliyekuwa ameupima uzito wa mkeka, kwa kuwa waliousuka hawakuwa na habari ya vishikizo na waliovitengeneza hawakuwa na habari ya mkeka. Kikundi kimoja kishike kazi yote, kuanzia ukindu hadi nati, na mizani iwe katikati ya meza.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Darasa lina watoto sabini au themanini, kipindi ni dakika 40, mbao ni ghali, na mkaguzi ataliuliza somo hili liko wapi katika azimio la kazi. Juu ya mbao, tunajibu kwamba kila mtoto aanze kwa boksi na miiba. Vipande viwili vya boksi, kimoja kikiwa na mwanya uliosimama na kingine tundu lililolala, pamoja na mwiba badala ya bolti, vinatosha kumwonyesha mtoto yote tuliyoyasema kuhusu kusogea, na gharama yake ni takataka za dukani. Mbao na bolti zitumike kwa kishikizo kimoja tu cha kila kikundi. Juu ya muda, upimaji wa madirisha ufanywe katika kipindi cha hisabati, na uchoraji wa jua sakafuni katika kipindi cha sayansi, ili kipindi cha kazi kibaki cha kukata na kuunga. Idadi ya watoto ni shida ya kweli, wala hatutaki kuipunguza kwa maneno. Ila madirisha sita yanaweza kushikwa na vikundi sita, na kikundi cha watoto kumi na wawili kinaweza kugawana kupima, kuandika, kukata na kujaribu.

Juu ya mkaguzi tuna neno refu zaidi. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, miongoni mwa mambo aliyoyataka kwa mwanafunzi ni akili yenye kudadisi, pamoja na uwezo wa kujifunza kwa yale wafanyayo wengine na kuyakataa au kuyarekebisha yafae mahitaji yake. Shule nyingi zililipokea jambo hilo kama jembe na ufagio peke yake. Shamba la shule lililimwa, na watoto waliolilima hawakuulizwa kwa nini matuta yameelekezwa huku wala kule. Sasa, kufuatia mageuzi ya mitaala ya mwaka 2023, neno amali limerudi katika vinywa vya watu, na tunachelea lisije likapata ajali ileile, yaani kazi nyingi za mkono zisizokuwa na swali ndani yake. Mtoto anayenakili kiti kidogo kutoka katika mchoro wa mwalimu amefanya kazi, hilo hatukatai. Lakini yule aliyeamua mwenyewe tundu liwe na sentimeta 3.3, na akaweza kulitetea mbele ya wenzake, amefanya jambo jingine. Mkaguzi akionyeshwa daftari lenye vipimo vya madirisha sita na hesabu iliyozaa tundu, atajua mwenyewe aliweke katika safu ipi ya azimio la kazi.

Imebaki namna ya kusahihisha. Tunashauri unadhifu upewe alama chache, tena mwishoni. Alama nyingi zitolewe dirishani. Kila kikundi kifungue kishikizo chake kutoka katika dirisha lake, kikihamishie katika dirisha la kikundi kingine lenye kipimo tofauti, na kusimamisha pazia likae sawa kwa pimamaji, au kwa chupa yenye maji nusu ikiwa pimamaji haipo. Mwalimu aangalie mambo mawili: kama kishikizo kilihitaji kukatwa au kuongezwa chochote, na kama kigingi kilitangulia kuingizwa kabla ya nati kukazwa. Kisha watoto wa safu ya dirishani waketi mahali pao, na mmoja wao asome kwa sauti kilichoandikwa ubaoni.

Nati zenye masikio zinunuliwe mbili au tatu zaidi ya idadi inayotakiwa na kuwekwa katika droo ya mwalimu, kwa kuwa hufaa sana katika magari ya mchezo.